Mlango Alioutoboa Kiama

Jumanne, 3 Oktoba

Sista Mwihaki wa kliniki ameniambia niandike. Damu ikitoka niandike, isipotoka niandike, nikilala vibaya niandike, nikija tena tusome pamoja. Nikamwambia mimi niliachia darasa la tano. Akasema hata yeye mwandiko wa daktari humshinda, kwa hivyo tuko sawa. Msichana wangu Mbula akaninunulia daftari la picha ya twiga.

Basi naandika. Mimi ni Mbithe, bibi ya Maundu, Mama Mbula. Kwetu ni ng'ambo ya mto ukitoka Katangi. Niko na saratani ya shingo ya kizazi. Nimeyaandika hayo maneno polepole, herufi moja moja. Saratani niliifuta nikaiandika tena, kizazi niliandika mara moja.

Daktari anasema imeonekana mapema, bado iko mahali pamoja, wataikata na kizazi chote kitoke. Tarehe ni ishirini na nne mwezi huu, kule Machakos. Wakishakata, nyama inapelekwa kupimwa, na hapo ndipo watajua kama imeisha ama ilikuwa imeshatembea. Hilo neno nimekuja nalo nyumbani kama mtu aliyebeba yai mkononi. Imeisha ama imetembea.

Alhamisi, 5 Oktoba

Damu kidogo. Jua kali. Mbuzi mweusi ana mimba, anajitenga na wenzake.

Jumapili, 8 Oktoba

Leo nimemwambia Loise. Loise ni jirani, na ndiye anatuongoza kwa mwethya, ile kazi yetu ya wanawake ya kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Nilikosa zamu tangu Agosti na sikusema kwa nini. Yeye akasema mbele ya wenzetu ati Mama Mbula siku hizi amekuwa tajiri, anangoja kulimiwa.

Nilimwita nyuma ya tangi la kanisa, nikamwambia yote. Aliegemea tangi.

"Na ukaniacha nikuseme hivyo?"

"Ungesema nini kama ungejua?"

"Ningekusema kwa sauti ya chini."

Tukacheka. Kisha yeye akalia, mimi nikawa ndiye wa kumnyamazisha. Alipopangusa uso akasema, "Zamu yako ilikuwa ya mwisho. Sasa ni ya kwanza. Jumatano tunapanda kwako."

Jumatano, 11 Oktoba

Walikuja alfajiri na majembe. Tunapanda kavu, kabla ya mvua, kwa sababu mvua yetu ni fupi na mbegu ikichelewa inaikosa. Mahindi, ndengu, mbaazi. Walininyang'anya jembe, wakanipeleka jikoni kupika isyo, mahindi na maharagwe, kama bibi arusi. Nikiwa jikoni nilikuwa nawaona kwa mlango wakishuka matuta wakiimba.

Jioni nilienda peke yangu kusimama shambani. Huoni kitu. Ni vumbi tu, na chini yake mbegu zimelala, hazijui kama mvua inakuja. Sisi tunalala na hiyo kila mwaka na hatuoni ajabu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kiama amekuja. Kiama ni bwana ya Mbula. Ni Mkikuyu, wazazi wake walihamia Katangi zamani kwa biashara, na yeye ana hadiwea pale sokoni, anauza simiti, mabati, misumari, milango. Ni mtu wa sauti kubwa, na futi ya kupimia haimtoki mfukoni. Akiingia kwa boma yako anaipima kwa macho. Mimi sijawahi kumzoea.

Na sitakiwi kumzoea. Kwetu mama mkwe na bwana ya msichana wake wana nthoni. Ni aibu na heshima zikiwa kitu kimoja. Hamshikani mikono, huli mbele yake, hulali kwake. Mamangu alikuwa akimwona Maundu njiani anaingia shamba la watu, anainama kama mtu anayechuma kunde, hadi apite. Siku hizi watu wamelegeza. Mimi nimelegeza kidogo tu, namjibu akinisalimia. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alininyoshea mkono, nikaficha wangu kwa leso, akabaki ameshika hewa.

Leo alisimama nje ya mlango wa jikoni, nami nikageukia sufuria.

"Maitu, habari ya leo." Ndivyo huniita, ni mama kwa Kikuyu.

"Nzuri."

"Mbula ameniambia hospitali wanataka watu wa kutoa damu kabla ya upasuaji. Mimi ninayo nyingi. Jumatatu naenda kutoa."

"Tumepata watu," nikasema.

"Watu gani?"

"Watu wapo."

Alipoondoka Maundu akaniuliza, "Hao watu wapo ni kina nani?"

"Wewe."

"Na mwingine?"

"Mungu ataleta."

"Mungu alishatoa damu yake," Maundu akasema, "hawezi kuitwa tena."

Ndipo nikamwambia Maundu ukweli, na najua Mbula atausikia. Kama mikono hatushikani, damu ya huyo kijana itaingiaje ndani yangu, ikae huko, ilale huko? Nitamwangalia Mbula vipi?

Jumanne, 17 Oktoba

Maundu ameenda kutoa damu akarudishwa. Ana presha, na hakuwa anajua. Sasa tuko wagonjwa wawili kwa nyumba moja na mmoja wetu amenuna. Mbula ana mimba, hawezi. Wanawake wenzangu sijawauliza. Kuomba jembe ni rahisi, lakini kuomba mtu damu sijawahi kusikia.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu. Jua. Mbuzi bado.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimerudi nyumbani na kizazi changu.

Nilikuwa nimefunga tangu jana, nimeoga, nimeaga mbuzi. Kwa wodi wakaangalia faili, wakasema damu yangu iko chini sana na hakuna aliyenitolea, na iliyoko leo imeenda kwa mama aliyejifungua vibaya. Tarehe mpya ni Novemba saba.

Sista Mwihaki alikuwa amekuja Machakos kuleta wagonjwa, akatupata tumekaa kwa benchi. Akauliza, "Kwani nyumba nzima hakuna mwenye damu?"

Mbula akasema, "Bwana yangu alitaka. Mama akamkataa."

"Kwa nini?"

Nikaangalia viatu. Mbula ndiye alimweleza, na alipofika kwa ile ya kulala ndani yangu nikatamani ardhi ifunguke. Sista alifunika mdomo kwa faili. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, lakini si kwa ubaya.

"Mama Mbula, sikiza. Damu ya mkwe wako haiji kwako. Inaenda kwa benki ya damu, inapimwa, inawekwa na za wengine. Wewe utapewa ya mtu usiyemjua. Ninyi si mko na ile kazi ya wanawake ya kulimiana? Sisi Wakikuyu tunaiita ngwatio. Shamba likishalimwa, unauliza jasho la nani lilianguka kwa mstari gani?"

Nikasema hapana.

"Basi ni hivyo. Pengine utapewa ya mkwe wa mtu mwingine, lakini hiyo haikuhusu."

Njiani kurudi nilihesabu siku. Wiki mbili. Kama hiyo kitu inatembea, kwa wiki mbili inaweza kufika wapi? Daktari sikumuuliza. Nilimuuliza Maundu, akafikiri, akasema zamani akichunga ng'ombe za ranchi kule Konza kuna ng'ombe alitembea wiki nzima wakampata nyuma ya zizi. Sijui kama huko ni kunifariji. Nimekubali ni kunifariji.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mama mkwe hampigii mkwe simu. Nilimwambia Maundu amwambie Mbula amwambie Kiama. Neno lilizunguka hivyo likafika, na leo asubuhi pikapu yake ilisimama ng'ambo ya mto. Loise alikuwa amewaambia wanawake, na yeye na wengine wawili wakaenda na Kiama. Wamerudi jioni na pamba mikononi wakijisifu. Loise anasema damu yake ilijaza mfuko haraka kuliko ya Kiama, na Kiama alipoona sindano alifunga macho.

Na mimi nilidhani ni mtu wa kelele tu. Hata hasira hakuwa nayo.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua. Ilianza tukiwa kanisani, ikapiga mabati hadi mhubiri akakaa chini akaingoja kama sisi wengine. Redio ilisema mwaka huu itakuwa nyingi. Nilirudi nimelowa, nikasimama kwa tuta la kwanza nikanusa udongo.

Ijumaa, 3 Novemba

Mahindi yametoboa. Mvua haijanyamaza. Mbuzi mweusi amezaa mmoja, wa kike.

Jumatatu, 6 Novemba

Niko wodi. Naandika ili mkono upate kazi. Kitanda cha pili kuna mama wa Ekalakala, muuzaji wa samaki wa Masinga, alipasuliwa Ijumaa kwa ugonjwa kama wangu. Nilimuuliza kama inauma.

"Kuuma kunauma. Lakini hicho kizazi changu kilizaa saba. Kimestaafu tu, na hakuna aliyekipatia hata saa ya ukutani."

Kesho asubuhi mimi ni wa kwanza. Mbula amekuja na uji na hakuniruhusu nione akipangusa macho. Yeye mwenyewe ana mtoto tumboni, na mimi mahali alipolala yeye panaenda kukatwa. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu hilo, nikamwambia avae sweta.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimeamka. Nimeamka tangu Jumanne lakini kalamu ndiyo nimeweza leo.

Nakumbuka baridi ya kile chumba, na daktari mwanamke akiniuliza watoto wangu ni wangapi. Nilisema mmoja aliye hai, na kabla sijamtaja yule mwingine nikalala. Nilipoamka nilihisi kama nimefungwa tofali tumboni. Nina mshono mrefu, na mpira wa mkojo wenye mfuko unaoning'inia kando ya kitanda kila mtu aone. Wamesema kibofu kimeguswa, kitalala kidogo, nitarudi nao nyumbani. Nikikohoa nakumbatia mto. Kila asubuhi sista wa wodi anapita akiuliza kwa sauti ya soko, "Mama Mbula, umetoa upepo?" kwa sababu bila hiyo sipewi chakula. Jana nilipojibu ndiyo, mama wa Ekalakala alipiga makofi na wodi nzima ikafuata.

Nilipewa damu ya chupa mbili. Niliiangalia ikishuka. Sikuuliza ni ya nani.

Daktari amesema ameona mahali pote, kwa macho hajaona imeshika kwingine, lakini macho si mashine. Nyama imepelekwa. Tungoje.

Jumatatu, 13 Novemba

Leo serikali imesema watu wote wapande miti, hakuna kazi. Mimi nimeruhusiwa kwenda nyumbani.

Daktari aliniambia mbele ya Maundu na Mbula: nisiinue kitu kizito kuliko kikombe cha chai, nisiiname, nisichote maji, na nikae karibu na barabara. Mbula akasema basi atakaa kwetu Katangi, chumba cha wageni kiko.

Nikasema nitaenda kwangu.

"Mama, mto unajaa. Choo chenu kiko chini ya matuta."

"Nitaenda kwangu."

Kiama alikuwa kwenye pikapu, kioo kimefunguliwa, anaangalia mbele kama hasikii. Mfuko wangu wa mkojo ulikuwa chini ya leso. Nilale kwa nyumba ya huyo kijana, nikitembea kwa korido yake na mfuko wa mkojo, nikutane naye akienda kunywa chai? Nimekatwa kizazi lakini uso sikukatwa. Maundu aliniangalia, akamwambia Kiama atupeleke hadi mtoni, tukavuka polepole maji yakiwa bado ya magoti.

Jumatano, 15 Novemba

Nimelala. Mvua. Maundu anapika. Ugali wake unaweza kujenga ukuta.

Ijumaa, 17 Novemba

Wanawake wamekuja kupalilia. Mahindi yamepita vifundo vya miguu, ndengu zimeanza kufunika udongo. Nimewaona kutoka mlangoni, nimewekewa kiti. Loise kila akipanda tuta ananipungia jembe, "Mzungu, kahawa iko tayari?"

Najiuliza hiyo nyama yangu iko wapi saa hii, na ni nani anaiangalia.

Alhamisi, 23 Novemba

Naandika kutoka hospitali tena, na kosa ni langu.

Jumapili mchana Maundu alikuwa ameenda ibada, mimi niko kitandani nasikiliza mvua. Nikasikia mtoto wa mbuzi akilia. Kulia kwa njaa nakujua, huku hakukuwa kwa njaa. Nikatoka na mfuko wangu mkononi. Alikuwa ameanguka kwa mtaro wa tuta, ule tuliochimba wa kushika maji, na maji yalikuwa yamemfika kifuani. Mama yake amesimama juu ananiangalia mimi.

Sikufikiri kuhusu kikombe cha chai. Niliinama, nikamshika miguu ya mbele, nikamvuta. Ni mdogo lakini alikuwa amelowa na alikuwa anapiga mateke. Nikasikia kitu kikivutika ndani kama uzi wa kiondo. Nilimweka kwa mama yake. Nilipofika mlangoni kulikuwa na joto likishuka kwa mguu, na haikuwa mvua.

Maundu aliporudi akampigia Mbula simu. Mto ulikuwa umejaa, na boda hakuna wa kukubali. Kiama alikuja, akaacha pikapu ng'ambo, akafunga kamba kwa mti wa upande ule, akavuka akiwa ameishika, maji yamemfika mapajani. Nilimwona kutoka juu akija kupitia mahindi yangu, matope hadi kiunoni. Mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anapima kitu.

Alisimama mlangoni akanipa mgongo.

"Maitu," akasema, akiangalia nje. "Baba hawezi kukubeba kwa yale maji, presha yake haikubali. Ni mimi. Jifunike leso kichwa na uso. Wewe hunioni, mimi sikuoni. Tukifika ng'ambo hakuna aliyembeba mwenzake."

Nilishika leso lakini sikuivuta. Maundu akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Mbithe, hata mamako angekubali."

"Mamangu angekufa kwanza."

"Ndiyo. Halafu tungembeba."

Nikacheka, na kule kucheka kuliniuma hadi nikaona nyota. Nikavuta leso usoni. Kiama alichuchumaa, nikapanda mgongo wake kama mtoto, na Maundu akafuata nyuma ameshika mfuko wa mkojo juu juu kama mtu aliyebeba taa. Chini ya leso sikuona kitu. Nilisikia maji, nikasikia moyo wa huyo kijana ukipiga kwa mgongo wake, na akiongea peke yake kwa Kikuyu kila alipoweka mguu. Baadaye nilimuuliza Mbula maneno hayo ni nini. Ni maombi. Alikuwa akiomba hatua moja moja.

Mshono wa nje ni mzima. Wa ndani ulivutwa kidogo, na kulikuwa na homa. Wamenitia dawa kwa mshipa na damu imeacha kutoka. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu kama mbuzi alipona. Nikasema alipona. Akasema, "Basi mmekuwa wawili. Sasa nyumbani ng'ambo ya mto hapana, mpaka nikuambie."

Jumatatu, 27 Novemba

Niko Katangi. Lakini silali kwa mkwe wangu, na ni lazima nieleze vizuri.

Nilikuwa nimekubali. Nilimwambia Maundu, nimeshabebwa mgongoni, mlango ni kitu gani. Lakini sikulala usiku nikifikiria ile korido. Leo pikapu haikusimama mbele ya nyumba. Ilizunguka nyuma, kwa stoo ya hadiwea iliyoshikana na nyumba, pale alipokuwa anaweka simiti. Na ukuta wa stoo, upande wa barabara, uko na mlango. Huo mlango haukuwepo. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na mlango wenyewe ni ule mzuri wa mbao aliokuwa ameuweka dukani mbele kwa kuonyesha watu.

Mbula akafungua. Ndani kumefagiwa, kuna kitanda, meza, ndoo, na choo kiko hatua chache, peke yake. Ule mlango wa ndani wa kuingia kwa nyumba yao umezibwa kwa mabati na misumari.

Kiama alikuwa kwa pikapu, anaongea na usukani.

"Nilimuuliza Baba hii nthoni inasemaje. Akasema mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Hii paa ya stoo niliiezeka peke yake tangu zamani, haigusani na ya nyumba. Nimepima. Kwa hivyo huku si kwangu. Sisi ni majirani."

Niliingia, nikakaa kwa kitanda, nikafunga mlango. Nililia huko ndani, halafu nikanywa chai.

Miaka yote hii nilidhani anapima vitu kwa sababu ya biashara.

Jumamosi, 2 Desemba

Wametoa mpira. Waliniambia wanangoja waone kama kibofu kimeamka. Nimekojoa mwenyewe. Nimempigia Loise simu kumwambia, akawatangazia wanawake shambani, nikawasikia wakipiga vigelegele.

Jumatano, 6 Desemba

Majibu bado.

Jumamosi, 9 Desemba

Asubuhi Kiama anafungua duka, anapita kwa mlango wangu, hasimami. Anasema tu akienda, "Jirani, umeamka?" Nami nasema, "Nimeamka, jirani." Nimeanza kusuka kiondo. Mbula anakuja na miguu iliyovimba, tunakaa hapo mlangoni wawili, tumbo moja linajaa, lingine limemalizika.

Jumanne, 12 Desemba

Sikukuu. Majibu bado. Naota nimefika hospitali, wananipa bahasha, nafungua nakuta mbegu za ndengu. Nimemwambia Maundu kwa simu. Amesema hiyo si ndoto, hiyo ni njaa.

Jumamosi, 16 Desemba

Majibu bado. Kiama leo hakupita. Nilikaa nikisikiliza hadi saa nne. Kumbe alienda kuchukua mabati. Nimejishangaa.

Jumatano, 20 Desemba

Nimeenda na Mbula. Daktari alikuwa na karatasi, akaisoma mwenyewe kwanza, na mimi nikaangalia mdomo wake. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti.

Akasema, "Kingo za ile nyama ziko safi. Tezi tulizotoa, zote safi. Haikuwa imetembea."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nikamwambia amwambie Mbula, ingawa Mbula alikuwa hapo hapo. Hakuna miale, hakuna dawa nyingine. Kila miezi mitatu nirudi nipimwe, kwa sababu ugonjwa huu haupewi mgongo. Ya kwanza ni Machi.

Tuliposhuka Katangi sikuzunguka nyuma. Niliingia dukani kwa mbele, mahali sijawahi kuingia. Kiama alikuwa anampimia mtu simiti ya kilo, mikono imekuwa ya majivu. Aliponiona akageuza uso haraka, kama nilivyomfundisha. Akaongea na mizani.

"Wamesemaje, jirani?"

"Haikuwa imetembea."

Alishika mizani hiyo. Mwenye simiti akauliza kama kuna shida, na Kiama akasema hapana, kuna vumbi.

Nikanyosha mkono. Aliuangalia. Akajipangusa wake kwa suruali mbele na nyuma, ikazidi kuwa chafu, halafu akanipa. Ni mkono mgumu, umekwaruzwa na misumari. Nilisema asante. Tulisalimiana vizuri, mbele ya watu, na hakuna kitu kilianguka kutoka mbinguni.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi kwa Mbula. Mimi nilikula sahani yangu mlangoni kwangu. Tunaenda pole pole.

Jumamosi, 13 Januari

Kesho nahamia kwangu. Mto umepungua hadi kwa vifundo, na daktari ameniruhusu.

Leo Loise na wanawake wamevuka na ndengu za kwanza za shamba langu, kwa kiondo changu kipya. Wamevuna wao, wamepura wao. Nilizimimina kwa sinia nikapitisha mkono. Zile zile tulizozika kwa vumbi. Nikazipika mwenyewe, nikaziunga na kitunguu na nyanya, na nikaenda kuziweka kwa meza ya Mbula, ndani, nikakaa. Maundu alikuwepo. Kiama aliingia, akaona kiti ninachokalia, akataka kurudi nje.

"Kaa," nikasema. "Zitapoa."

Alikaa. Nilichukua kijiko nikala wa kwanza, mbele yake, ili nisipate nafasi ya kufikiri. Maundu aliniangalia, kisha akaangalia dari, akasema anamtafuta mamangu.

Tulipomaliza Kiama akatoa futi mfukoni, akaizungusha mkononi, akaniuliza bila kuniangalia sana, "Maitu, sasa ule mlango. Niuzibe, stoo irudi kuwa stoo?"

"Usizibe. Machi nakuja kliniki."

"Machi si utalala huku ndani? Si tumeshakula pamoja?"

"Kula nitakula kwako," nikamwambia. "Kulala nitalala kwa jirani."

Akacheka ile sauti yake kubwa, na mara hii sikuona ni kubwa. Alienda dukani akarudi na ufunguo mpya kwa kamba. Nimeufunga kwa pindo la leso, pale nilipokuwa nikificha mkono.